Kuvimba si kunenepa: deksa, peptidi na miili yetu

Mtu akitoka Uvira kwenda Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5, anapita Sange, Bwegera na Luvungi, kisha anaingia Katogota kabla ya kufika Kamanyola. Ni kijiji cha mpunga, mihogo, mahindi na nyanya, na Burundi iko ng'ambo tu ya mto Ruzizi. Kwa kuwa kiko njiani, dawa nazo zinapita hapo: nyingine zinatoka Bujumbura, nyingine zinashuka kutoka Bukavu, nyingine zinapanda kutoka Uvira. Na kama ilivyo katika vijiji vingi vya bonde, karibu na parasetamoli na dawa za malaria kuna vidonge vidogo ambavyo wengi wanaovinunua hawaumwi kitu. Wanavinunua ili wanenepe.

Cha kwanza ni deksametazoni, ambayo kila mtu anaiita deksa. Cha pili ni siproheptadini, ambayo wazee wa famasi wanaijua kwa jina la Periactin. Kimoja ni dawa ya kutuliza uvimbe na mzio mkali, kingine ni dawa ya mzio na mafua ya kuwasha. Vyote viwili vina tabia moja iliyovipa soko: vinaleta njaa. Mtu anakula sahani mbili za bugali badala ya moja, na baada ya majuma machache uso unajaa, mashavu yanang'aa, majirani wanaanza kusema maisha yamekuwa mazuri. Si mambo ya bonde peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa Kinshasa walichapisha kazi yao juu ya matumizi mabaya ya siproheptadini katika mji mkuu, wakaonyesha kwamba jambo hili limeenea sana na kwamba watu wanaipata bila karatasi ya muganga.

Tunaliandika leo kwa sababu ahadi ileile imerudi na jina jipya. Jina hilo ni peptidi.

Familia nyingi za Uvira na Fizi zina ndugu aliyepita kambi ya Nyarugusu kule Tanzania na sasa anaishi Marekani. Simu zinaleta video zake kila siku. Katika video hizo kuna vijana wenye vifua vikubwa na wanawake wa miaka hamsini wenye ngozi ya binti, wote wakionyesha chupa ndogo ya unga mweupe na sindano nyembamba kama ya wagonjwa wa kisukari. Wanataja ipamorelini, CJC-1295, sermorelini, GHRP-6. Wengine hawachomi sindano, wanameza kidonge kinachoitwa MK-677, ambacho si peptidi lakini kinafanya kazi ileile. Wanasema vitu hivi vinauamsha mwili utoe homoni yake wenyewe ya kukua, kwa hiyo ni vya asili, kwa hiyo havina hatari. Hapo kwenye neno "kwa hiyo" la pili ndipo penye shida.

Tueleze kwanza kazi yenyewe, maana haina uchawi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo yenye ukubwa wa punje ya kunde, inaitwa pituitari. Tezi hiyo inatoa homoni ya kukua, na haiitoi kama bomba lililoachwa wazi. Inaitoa kwa mapigo, zaidi usiku mtu akiwa usingizini. Kuna ujumbe wa ubongo unaoiambia toa, na kuna mwingine unaoiambia acha. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua ujumbe mwingine unaotoka tumboni, wakauita grelini. Grelini inaamsha homoni ya kukua na pia inaleta njaa. Peptidi za GHRP na kile kidonge cha MK-677 zinabisha kwenye mlango huohuo wa grelini. Ndiyo maana mtu aliyechomwa GHRP-6 anashikwa na njaa kali. Msomaji wa Katogota anaona mara moja undugu uliopo: ni njaa ya kununua, ileile ya deksa na peri, ila hii imevaa koti la maabara.

Je, hakuna hata moja yenye faida? Zipo, na haifai kuzificha. Tesamorelini iliruhusiwa Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya wagonjwa wa Ukimwi ambao mafuta yamejikusanya tumboni kwa namna isiyo ya kawaida. Mtoto ambaye tezi yake kweli haitoi homoni anatibiwa kwa homoni, miaka kadhaa, chini ya macho ya muganga mwenye vipimo. Hizo ni tiba. Zina mgonjwa, zina kipimo, na yupo mtu anayeweza kusema leo tunasimamisha.

Zilipopelekwa kwa watu wengine, habari ilibadilika. MK-677 ilijaribiwa miaka miwili kwa wazee wenye afya: nyama ya mwili iliongezeka kidogo, nguvu haikuongezeka, na sukari ya damu ilipanda. Ilipojaribiwa kwa wazee waliovunjika nyonga, majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu dalili za moyo kushindwa kazi zilijitokeza kwa waliopewa dawa. CJC-1295 nayo, majaribio yake yalikatizwa mwaka 2006 baada ya mshiriki mmoja kufariki. Muganga wa majaribio aliona kwamba moyo wa marehemu ulikuwa mgonjwa tangu zamani, lakini dawa hiyo haikufika famasi. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka ipamorelini, CJC-1295, GHRP-2 na GHRP-6 katika orodha ya vitu vyenye mashaka makubwa ya usalama, ambavyo famasi hazikupaswa kuvichanganya kwa wateja. Nao wakubwa wa michezo duniani wanaopambana na madawa wanazikataza wakati wote, kwenye mashindano na nje ya mashindano. Kijana wa Uvira anayeota kucheza mpira nje ajue hilo.

Na Julai 2025, mjini Las Vegas, kwenye mkutano wa watu wanaotafuta kuishi miaka mingi, wanawake wawili walichomwa sindano za peptidi wakafikishwa hospitali wakiwa mahututi, wakawekwa kwenye mashine ya kupumua. Walipona. Tufikirie kidogo. Ni Las Vegas, ambako gari la wagonjwa linafika baada ya dakika chache na mashine ya kupumua inawangoja. Tuhamishe tukio hilo Katogota, saa nne ya usiku, mvua imenyesha, mgonjwa anapandishwa kwenye pikipiki akishikwa na ndugu nyuma ili asianguke.

Chupa nyingi za peptidi zinazouzwa kwa intaneti zimeandikwa kwamba ni za utafiti tu, si za binadamu. Muuzaji anaandika hivyo ili sheria isimshike, kisha pembeni anamweleza mteja namna ya kujichoma. Unga huo unachanganywa na maji nyumbani, na mtu anayekosea nukta moja ya hesabu anajichoma mara kumi ya alichokusudia. Ukishachanganywa unataka friji, kati ya digrii 2 na 8. Katika joto la bonde letu, friji inayotegemewa katika kituo cha afya ni ile ya chanjo za watoto, na hakuna muuguzi atakayekubali iwekewe chupa za urembo. Halafu ipo sindano yenyewe. Mahali ambapo watu wanaazimana wembe, wataazimana na sindano, na virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B havichagui kama sindano ilikuwa ya ugonjwa au ya uzuri.

Ufaransa ina kumbukumbu chungu juu ya kujua dawa imetoka wapi. Zamani homoni ya kukua ilikamuliwa kutoka tezi za maiti. Mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya vijana waliochomwa homoni hiyo walipata ugonjwa wa ubongo usio na dawa, na Ufaransa peke yake ilizika zaidi ya vijana 100. Leo homoni inatengenezwa kwa njia nyingine na hatari ile haipo tena. Lakini wazazi wale walikuwa na hospitali, waganga na karatasi zenye muhuri. Mnunuzi wa chupa ya intaneti hana hata kimoja.

Turudi nyumbani, kwa sababu peptidi bado ni habari ya simu kuliko ya meza ya soko. Deksa iko hapa, na bei yake ni ya kila mtu.

Sisi watu wa Kivu ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na uso uliojaa. Tuna neno bwaki. Tunajua mtoto anayeonekana mnene miguuni na usoni huku anakufa kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Bukavu iliunda Comité Anti-Bwaki tangu miaka ya 1960, na bibi zetu walijifunza kubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole: shimo likibaki, si unene huo, ni maji. Sasa mjukuu wa bibi huyohuyo anameza deksa, uso unakuwa wa mviringo kama mwezi, na anasifiwa. Sehemu kubwa ya kinachosifiwa ni mafuta yaliyohamia usoni, shingoni na tumboni, pamoja na maji ambayo mwili umeyashika. Mikono na mapaja, kinyume chake, yanapoteza nyama. Mkulima anayeinua jembe atalihisi hilo kabla ya kuliona kwenye kioo.

Deksa ina nguvu mara 25 hivi kuliko homoni ya kawaida ambayo mwili unaitengeneza kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ni dawa kubwa, na tusiitukane: mwaka 2020 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba iliokoa wagonjwa mahututi wa Covid waliokuwa kwenye mashine. Lakini dawa inayotuliza vita ya mwili inawanyang'anya silaha pia askari wa mwili. Kifua kikuu kilicholala kinaamka. Vidonda vya tumbo vinatoka damu. Presha inapanda, sukari inapanda, mifupa inalegea, macho yanaingia ukungu.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, na inawahusu hasa watu wa mashamba ya mpunga. Katika udongo wenye maji wa nchi za joto kuna minyoo midogo inayoingia kwa ngozi ya miguu, inaitwa strongiloidi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua, kwa sababu kinga ya mwili inaizuia isiongezeke. Akianza kumeza deksa, kizuizi kinaondoka. Minyoo inazaana, inatoka tumboni, inasambaa mpaka mapafuni, na mara nyingi mgonjwa huyo hapatikani tena. Anayelima bila viatu na kumeza deksa anabeba hatari mbili zinazoitana.

Halafu kuna kuacha ghafula. Mtu akimeza deksa kila siku kwa majuma au miezi, tezi zake zinalala, maana kazi yao inafanywa na kidonge. Akiacha siku moja, mwili unabaki bila homoni hiyo kabisa: uchovu usioelezeka, kutapika, maumivu ya tumbo, presha inaporomoka, na akipata malaria au kuhara wakati huo anaweza kufa. Sasa tukumbuke Desemba 2025, mapigano yalipoteremka kutoka Kamanyola mpaka Uvira na watu wakavuka Ruzizi kuingia Burundi na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Nani alikumbuka kubeba vidonge vya kunenepesha? Na mwanamke akianguka kambini akitapika, kipindupindu kikiwa ndilo jina la kwanza linalokuja mdomoni mwa kila mtu, nani atafikiria kuuliza kama alikuwa anameza deksa? Yeye mwenyewe hatasema, kwa aibu.

Aibu hiyo tumeitengeneza sisi. Katika nchi hii mtu akikonda anaanza kunong'onwa. Miaka ya Ukimwi ilitufundisha kuogopa mashavu yaliyobonyea, na vita na njaa vimetufundisha kwamba mnene ndiye anayeishi. Mwanamke aliyetoka kujifungua, msichana anayengoja mahari, kijana aliyekosa kazi akawa mwembamba, wote wanasomwa na kijiji kama barua iliyo wazi. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaopanda jukwaani kuwatukana wasichana kwamba wanapenda urembo. Mtu anayenunua heshima kwa franka mia chache ana akili timamu. Aliyemuuzia bila kumwambia bei nyingine ndiye tunayemtafuta.

Kinachotukasirisha zaidi ni dawa hizi kupewa watoto. Mama anaona mtoto wake hakui, anaambiwa ampe nusu kidonge au sirapu ili apate hamu ya kula. Kuna sirapu moja, Apetamin, yenye siproheptadini ndani, ambayo imesambazwa dunia nzima kwa mitandao ingawa Marekani na Uingereza hazijawahi kuiruhusu. Siproheptadini inamlaza mtoto, na kwa kipimo kikubwa inamletea mtukutiko na maruweruwe. Deksa ni mbaya zaidi kwa mtoto, kwa kuwa inazuia urefu: anavimba na anabaki mfupi. Mtoto wa bonde asiyekua, sababu zake tunazijua: chakula kisicho na maharagwe wala samaki, minyoo, malaria za mfululizo, kuhara kwa maji ya mto. Kipo kipimo cha mkono cha rangi tatu, ipo Plumpy'Nut inayotolewa bure pale inapokuwepo. Na pale isipokuwepo, hiyo ndiyo kelele ya kupigwa kwa wakubwa wa afya, badala ya kumwacha mama apite kwa muuza vidonge.

Vijana nao wanauliza juu ya urefu. Mfupa wa mtu mzima umeshafunga ncha zake, na hakuna peptidi itakayoufungua. Homoni ya kukua ikizidi kwa mtu mzima, kinachokua ni taya, pua, viganja, nyayo, na moyo wenyewe. Wagonjwa wa tezi yenye uvimbe wanaishi hivyo, na wangelipa pesa nyingi ili isimame.

Serikali ina chombo cha dawa, ACOREP, na mkoa una wakaguzi wa afya. Kazi yao tunaiona zaidi kwenye karatasi kuliko barabarani. Hatuombi msako wa kufunga kila depo, kwa sababu tunajua utakavyoisha: anayelipa atafungua jioni, asiyelipa atabaki amefunga, na kijiji kitakosa hata dawa ya malaria. Tunaomba kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi. Deksa itoke kwenye meza za barabarani na ibaki kwenye famasi na vituo vya afya, iuzwe kwa karatasi, na wasambazaji wakubwa wa Uvira na Bukavu waulizwe makopo mangapi wameuza na kwa nani. Muuza meza wa Katogota hakuitengeneza deksa. Ameipata kwa mtu mwenye bohari, na bohari haijifichi kama meza.

Kwa anayemeza sasa hivi, neno moja la haraka: usiache leo kwa sababu ya maandishi haya. Nenda kituo cha afya, sema jina la kidonge, sema vingapi na tangu lini, chukua kopo uonyeshe. Muuguzi au muganga atakupunguzia pole pole, apime presha na sukari. Anayemeza peri peke yake hana hatari hiyo ya kuacha, lakini asiendeshe pikipiki akiwa amemeza, maana usingizi wake unakuja bila hodi.

Na kwa wakubwa wa zone za afya za bonde, gharama ya hatua ya kwanza ni wino tu. Kwenye daftari la wagonjwa, mtu mwenye sukari mpya, presha mpya, uso uliovimba au kutapika kusikoeleweka aulizwe swali moja, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: kuna kidonge au sindano unayotumia ili unenepe? Jibu liandikwe. Kila mwisho wa mwezi majibu hayo yahesabiwe, kama tunavyohesabu kuhara na surua, na hesabu ya Katogota, Luvungi na Sange ipelekwe Uvira.